Nyumba ya Kumrudisha Baba

Mama alitaka wageni kwa sababu moja tu: alitaka baba arudi kutoka machimbo ya Mwenga. Mengine yote, vyumba viwili vya kulala, mikeka mipya, ugomvi na wavuvi juu ya matete, hata Kifaransa changu cha shule alichonilazimisha kukisema mbele ya watu mpaka jasho linitoke, yalikuwa njia ya kumfikia yule mtu mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliosimulia habari zetu baadaye hawakuligusa. Walisema mama alikuwa na akili ya biashara. Alikuwa nayo, sikatai, lakini haikuwa hiyo iliyomwamsha alfajiri.

Juzijuzi nilikaa kwenye semina hapa Bukavu, kijana mmoja nadhifu akatueleza jinsi utalii unaotunza mazingira unavyoweza kuwainua maskini wa kando ya ziwa. Alisema vizuri. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama dirishani, ziwa likiwa pale pale chini ya rasi, na nikashikwa na hamu ya mama na baba mpaka nikatoka nje nikajifanya nimepigiwa simu.

Tulikaa chini kabisa, pale mji unapoteremka na kuishia majini. Rasi zilikuwa za watu wengine, zenye nyumba za enzi ya Wabelgiji, bustani na ngazi za mawe. Sisi tulikuwa kwenye hori lililobanwa kati ya rasi mbili, nyumba za udongo zimeegemeana, na mbele yetu matete mengi kuliko watu. Mvua ikinyesha, kila walichokitupa watu wa juu kilituteremkia. Watu wa Kadutu, mtaa wa juu yetu, walitutania kwamba tunanuka samaki, nasi tuliwajibu kwamba ndiyo harufu wanayoingoja kila asubuhi sokoni.

Samaki wenyewe walikuwa sambaza, wadogo, urefu wa kidole. Mitumbwi ya kuwavua haikwenda mmoja mmoja. Ilifungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, taa mbele, wavu katikati, na kundi zima la wanaume likipiga kasia. Bila wimbo kasia zingegongana, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mwimbishaji wake. Wa kundi letu alikuwa baba. Uvuvi wenyewe hakuuweza sana, alikubali mwenyewe huku akicheka. Walimchukua kwa ajili ya sauti.

Sauti ile ilikuwa na kazi nyingine. Asubuhi, kabla mitumbwi haijazunguka rasi, baba alikuwa ameshatujulisha wavu umeleta nini. Ukiwa umejaa, aliimba habari za bibi harusi. Ukiwa mtupu, aliimba habari za mkwe mchoyo aliyemwalika mtu akamlaza na njaa. Wanawake walisikiliza wakiwa bado jikoni. Wakisikia bibi harusi, walinyakua mabeseni makubwa na kuteremka mbio wakisukumana. Wakisikia mkwe, walichukua vibakuli na kuteremka polepole wakimtukana huyo mkwe kana kwamba wanamjua. Mama hakuwahi kukimbia. Alikuwa akisimama mlangoni, mkono kiunoni, anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anatafuta beseni.

Kisha serikali ikawaruhusu watu wa kawaida kuchimba dhahabu, na hori letu likaanza kuhama. Vijana walikwenda Mwenga, wengine Shabunda, na waliorudi walirudi na redio na viatu. Wavu wa kundi la baba ulikuwa umechoka, umeshonwa mpaka nyuzi za kushonea zimekuwa nyingi kuliko za wavu. Baba akasema anakwenda kutafuta wavu mpya, mvua kubwa hazitaisha kabla hajarudi. Mama akamfungia unga, sabuni na blanketi. Lori likamchukua kutoka Kadutu asubuhi, na nakumbuka alikaa juu ya magunia akitupungia mkono kwa furaha, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe.

Mvua kubwa zikaisha, zikaja nyingine. Madereva wa malori walituletea salamu. "Muzee iko muzima," walisema, "iko nawasalimia sana." Hakuna dereva aliyewahi kusema anarudi lini. Kwenye mitumbwi nafasi yake ilishikwa na mdogo wake, baba mdogo wangu, mtu mwema mwenye moyo mkubwa na sauti ya mbuzi aliyefungiwa mvuani. Alijitahidi. Lakini alichanganya nyimbo, akaimba bibi harusi siku ya wavu mtupu, wanawake wakateremka na mabeseni makubwa bure, na siku hiyo nusura wamtumbukize ziwani.

Mimi nilikuwa na hamu ya baba kwa namna ambayo sikujua kuisema. Nilikuwa kifungua mimba, niko sekondari kwa masista, natakiwa kuwa mkubwa. Asubuhi nikisikia ile sauti ya mbuzi nilijifunika blanketi kichwani. Mama hakujifunika. Aliendelea kusimama mlangoni, mkono kiunoni, akasikiliza mpaka mwisho.

Miaka ile watu wa mbali walikuja Bukavu kuwatazama masokwe wa mlima wa Kahuzi. Tuliwaona wakipita juu ndani ya Landrova, wamefunga vitambaa vichwani kwa ajili ya vumbi. Wakishuka mlimani walilala kwenye hoteli za rasi, kisha wakaondoka. Kwetu hawakufika, na kwa nini wafike? Hata sisi wenyewe tungekuwa na pa kwenda tusingekaa pale.

Jumapili moja walifika wawili, mume na mke, wazee, nywele nyeupe. Mume alikuwa ametegua mguu mlimani na daktari amemkataza safari kwa majuma kadhaa, hivyo walikuwa wamechoka kukaa hotelini. Dereva wa hoteli aliwateremsha hadi ukingoni kwetu. Mama mzungu alikuwa na darubini shingoni. Aliielekeza kwenye matete, akatulia, kisha akamshika mumewe mkono kwa nguvu. Nikaitwa, mimi mwenye Kifaransa, nikaulize wameona nini. Walikuwa wameona fisi-maji.

Fisi-maji! Mwizi yule, mnyama mrefu mwenye manyoya laini, anayekaa kwenye matete na kuiba samaki wavuni. Wavuvi wetu walimpiga kwa kasia kila walipompata. Na mama mzungu alikuwa anafuta machozi. Aliniambia kwamba kwao mito mingi haina tena mnyama huyu. Nikamtafsiria mama. Mama aliwatazama wale wazee, akayatazama matete, na mimi ninayemjua nikaona kichwani mwake kitu kimekaa mahali pake.

Jioni, tukimenya ndizi, akaniambia.

"Bale batu banaacha masokwe, banakuya kuangalia mwizi wetu wa samaki."

"Ndiyo, mama."

"Basi kazi iko hapa. Kama kazi iko hapa, baba yako iko natafuta nini mu matope ya Mwenga?"

 Aliendelea kumenya, lakini uso wake ulikuwa umefunguka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu lile lori liondoke. Nami nikaamini. Nilikuwa na umri wa kuamini.

Vita vya kwanza vilikuwa vya matete. Wanawake waliyakata kwa mikeka na paa, wavuvi waliyachoma ili fisi-maji wakose pa kujificha. Mama alisubiri siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ambapo watu wote wa mtaa walikusanyika kusafisha mitaro na shefu wa mtaa akisimamia ndani ya abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai. Akasimama mbele ya wanaume na jembe mkononi. Akasema kona moja ya matete, ile ya upande wa mashariki, iachwe. Isikatwe, isichomwe, na mwizi asipigwe humo.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mvuvi mmoja mzee akamwuliza, "Maman, unataka tumufuge fisi? Tumupatie na jina?"

"Mumupatie jina ya mukwe wako," mama akajibu, "maana wote wawili banakula kwako na habakushukuru."

Kicheko kikahamia upande wa mama, na kwetu horini, aliyeshinda kicheko alikuwa ameshinda nusu ya shauri. Nusu nyingine ilitoka kwa shefu. Yeye aliposikia neno wageni macho yalimtoka. Alishaona Landrova zikishuka, na yeye akipiga hotuba. Kona ikaachwa.

Kisha mama akajenga. Nyuma ya nyumba yetu aliongeza vyumba viwili, udongo uliosawazishwa na kupakwa chokaa, madirisha yakitazama ziwa. Wanawake wa hori walileta mikono yao, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kutaka kuona ataanguka wapi. Baba mdogo alipandisha paa. Nilitumwa hotelini kumwambia yule dereva kwamba wale wazee wawili wanaalikwa rasmi, Jumapili ijayo, kuwaona fisi-maji na wavuvi na kula nasi.

Hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo, nadhani, watu wa kwetu peke yao wangeweza kulifanya.

Kwetu mgeni haonyeshwi kazi. Mgeni akifika, jembe linawekwa chini, kinu kinanyamaza, kwa sababu ukiendelea kufanya kazi mbele yake ni kama kumwambia amekuja kukusumbua. Na mgeni hapewi chakula cha kila siku. Chakula cha kila siku ni chako wewe na shida zako. Mgeni anapewa kile ambacho wewe mwenyewe hukili.

Basi siku hiyo hori lote lilimheshimu mgeni. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu, ikapinduliwa na kuoshwa. Nyavu zilifichwa. Mabeseni ya samaki yalifichwa. Wavuvi walivaa abakosti, wengine za kuazima, zikiwabana makwapani, wakaketi kwenye viti vya parokia kwa mstari mnyoofu, mikono magotini. Wanawake walifunga vikwembe, vitenge vyao vya ibada. Shefu alileta kundi la animasio, vijana wa kuimba na kucheza sifa za Chama, wenye ngoma kubwa, nao walipiga ngoma zile mpaka nikahisi meno yakitikisika. Kama kulikuwa na fisi-maji kwenye matete, siku hiyo alihamia kisiwa cha Idjwi.

Chakula kilikuwa wali na makayabu. Makayabu ni samaki wa chumvi aliyekaushwa, anayetoka bahari za mbali, anasafiri kwa meli na gari mpaka Bukavu, na kwetu alikuwa chakula cha wakubwa. Mama alihangaika kumpata. Ndivyo tulivyowakaribisha watu waliotaka kuona ziwa letu: tukawapa, hatua chache kutoka kwenye maji yaliyojaa samaki wabichi, samaki mkavu wa Wazungu wenzao.

Wale wazee walikaa kwenye viti vyao, wakatabasamu. Hotuba ya shefu ilipokwisha, mama mzungu aliniinamia akaniuliza kwa upole wavuvi wako wapi.

"Ndio hawa, madam," nikamwambia, nikionyesha ule mstari wa abakosti.

Akawatazama. Nao wakamtazama. Baba mdogo akamwinamia kichwa kama waziri.

Wakaaga mapema. Mama alisimama na masufuria yaliyobaki, amefurahi. "Baliheshimiwa," akasema. Mimi nilikuwa nimemwona yule mama mzungu akiitazama mitumbwi iliyopinduliwa, na nilijua hawatarudi kwa mwaliko mwingine wa namna ile, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mama mzungu alirudi bila mwaliko. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya juma, mumewe amebaki hotelini na mguu wake. Mitumbwi ilikuwa ndiyo inaingia, baba mdogo anabweka wimbo wake, wanawake wanagombea nafasi majini, sketi zimepandishwa magotini. Mama alikuwa amechuchumaa, mikono imezama kwenye beseni la sambaza hadi viwiko, magamba usoni, nguo ya zamani kuliko zote alizokuwa nazo. Akainua kichwa akamwona mgeni amesimama juu yake.

Sijawahi kumwona mama akiaibika vile. Aliinuka, akataka kukimbia, akakumbuka mikono yake, akaificha nyuma.

"Mwambie arudie kesho!" akanifokea. "Mwambie leo hatuko!"

Nikatafsiri nusu. Mama mzungu akacheka, akaketi juu ya mtumbwi uliokuwa karibu, akavua viatu. Baba mdogo aliendelea kuimba kwa kuwa mikono ya wenzake ilikuwa bado inamhitaji, na yule mama akamsikiliza kama anasikiliza misa. Jirani yetu mmoja, asiye na haya, alikuwa na kikaango motoni, anawakaangia watoto sambaza. Mgeni akanusa, akanyoosha mkono. Akala na bugali, kwa vidole, vichwa na mikia, akaramba chumvi, akaomba tena.

Mama alimtazama akila. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, kisha akavuta beseni lake, akachuchumaa, akaendelea na kazi yake akiwa amekunja uso. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Basi banataka kutuona vile hatujaoga."

"Nadhani hivyo, mama."

"Bazungu!" akasema. Lakini kuanzia siku hiyo hatukununua tena makayabu.

Yule mama mzungu alisimulia hotelini. Wakaja wengine, wawili wawili, wanne, wakishuka mlimani kwa masokwe na kutaka asubuhi moja ya ziwa. Mama aliwapokea kwa masharti yake. Wasiingie kona ya matete kwa miguu, wawatazame fisi-maji kutoka kwenye mtumbwi, kimya. Wasipige picha watu wanaooga. Wale kinachopatikana. Mmoja aliyetaka apikiwe nyama ya kuku kila mlo aliambiwa, kupitia kwangu, kwamba hoteli iko juu pale na njia anaijua. Shefu aliambiwa animasio yake inafukuza wanyama. Akanuna, akapewa heshima ya kuwapokea wageni penye barabara, akatulia.

Na hori lilibadilika, nisidanganye. Wanawake waliosuka mikeka walipata wa kuwauzia. Wavuvi waliokuwa wakimpiga fisi-maji walianza kumsifu, na yule mzee wa utani wa salongo akawa mkali kuliko wote, anawafukuza watoto waliotupa mawe kwenye matete. Nyumba zikapata mabati moja baada ya nyingine. Wadogo zangu hawakufukuzwa tena shule kwa kukosa karo. Vijana wawili waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo ya kwenda Shabunda walifungua mizigo wakabaki kupiga kasia.

Mama alikuwa anaona yote hayo na kuyahesabu kwa upande wa baba. Kila dereva wa lori aliyekwenda Mwenga alipewa maneno. Mwambie nyumba ina mabati. Mwambie wageni wanakuja kwa ajili ya nyimbo. Wageni walimpigia baba mdogo makofi, wakampongeza, naye akavimba kichwa, na mama aliniambia kwa siri, macho yakimcheka, "Kama banafurahia hii mbuzi, siku batasikia baba yako batalia."

Nilikuwa naiona siku hiyo. Niliiona darasani, niliiona kanisani. Mitumbwi inazunguka rasi, na wimbo unatangulia, na mama mlangoni.

Akaja. Hakutuma habari, lori lilimshusha Kadutu, akateremka kwa miguu na mfuko begani, bila wavu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, mikono imekuwa migumu kama mbao. Tulimrukia wote. Mama alimpa mkono, akamwamkia kwa adabu, akaingia jikoni, nami nikamfuata nikamkuta amesimama mbele ya moto bila kufanya kitu, analia na kucheka bila sauti.

Siku ya pili baba aliomba kwenda na mitumbwi. Asubuhi tukasikia. Haki ya Mungu sijui niseme nini juu ya sauti ile. Haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuja juu ya maji ikiwa peke yake kwanza, kisha wanaume wakaipokea kwa chini, na ilikuwa bibi harusi. Wanawake wa hori walitoka majumbani, na wengine hawakuchukua mabeseni, walisimama tu. Wageni waliokuwa kwetu walitoka chumbani miguu mitupu. Nilimgeukia mama mlangoni. Alikuwa amefumba macho.

Baba alikaa nasi juma zima. Alizunguka kila mahali. Alipapasa kuta za vyumba, akapanda kukagua paa, akaona mdogo wake alivyofunga misumari, akasifu. Alipelekwa kwenye matete akawaona fisi-maji wakicheza na watoto wao. Alikaa na wageni, nikamtafsiria, akawachekesha. Kila jioni mama alimpikia, akamsimulia kidogo kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwenzake nguo aliyomshonea, anangoja avae.

Jumamosi, tumemaliza kula, sote tukiwa mezani, baba alinawa mikono akamtazama mama kwa upendo. Nasema kwa upendo, kwa sababu ulikuwapo, niliuona, na ndio ulionikata maini baadaye.

"Maman," akasema, "minaona. Nyumba iko nasimama yenyewe. Batoto banasoma, banakula. Kule sikukuwa nalala, nilikuwa nawaza mutakufa njaa. Sasa roho yangu inatulia. Nitarudia kule bila wasiwasi."

 Mimi nikamtazama mama. Kwetu mtu akishatamka safari hazuiliwi, kwa kuwa likimpata baya njiani aliyemzuia ndiye atakayekuwa amemroga kwa mdomo. Lakini haikuwa hiyo tu. Baba alikuwa anamshukuru. Alikuwa anampa sifa kubwa kuliko zote mwanamume wa kwetu aliyoweza kumpa mkewe, na mbele ya watoto. Angemjibu nini?

Nikathubutu mimi. "Baba, lakini bageni banakuya kusikia nyimbo."

Akacheka, akamshika baba mdogo begani. "Bageni? Banapigia makofi hata huyu!"

Baba mdogo akacheka pia, maskini, hakujua.

"Ni muzuri," mama akasema. Akakusanya sahani.

Jumatatu akamfungia unga, sabuni na blanketi jipya. Akamkaangia sambaza wa njiani, akawafunga kwenye majani ya mgomba. Baba akapanda lori, akatupungia mkono, na kweli uso wake ulikuwa umetulia, wasiwasi aliokuja nao ulikuwa umeondoka. Mama alisimama mpaka lori likaishia kwenye kona. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulikimbilia lile lori nimwambie kwamba sisi hatukuwa na shida ya njaa, tulikuwa na shida yake. Sikukimbia. Tulirudi chini, kulikuwa na wageni wa kupokea saa sita.

Madereva waliendelea kutuletea salamu. Kisha salamu zikapungua, barabara ikaharibika, malori yakawa machache. Siku moja dereva mpya, kijana, alimsikiliza mama akimweleza sura ya baba, mvi zake, sauti yake. Akatikisa kichwa. "Maman, ule muzee simujui," akasema. Akawasha gari.

Tulikuwa na shuka za kufua siku hiyo. Tulifua pamoja ukingoni, mimi nikiwa sasa mwanamke mzima. Matete yalikuwa marefu, na wageni wawili walikuwa kwenye mtumbwi wakiwatazama fisi-maji. Mama alikamua shuka moja, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji, akabaki ameishika.

"Ningejenga mubaya," akasema. "Ningeacha paa ivuye. Angebaki kuitengeneza."

Kisha akanipa ncha moja ya shuka nimsaidie kuikunjua, na tukaianika, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka na wageni wengine walikuwa wanakuja kesho yake.